Upepo Unaotoroka Usiku: Mbinu za Kutengeneza Breki za Upepo za Lori la Zamani

Saa kumi na moja alfajiri Susuni, huku kwetu Tarime, bado imejifunika ukungu. Lori limepakiwa mahindi tangu jana jioni, utingo ameshakaza turubali, na wenye mzigo wanataka kuwahi Sirari kabla soko halijachangamka. Dereva anawasha injini na kutupa jicho kwenye geji ya upepo. Mshale umelala kwenye sifuri. Anakanyaga mafuta, anangoja. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Moshi umejaa uani, watoto wameamka wanakohoa, na mshale bado unapanda kwa kusitasita kama mzee anayepanda kilima. Hakuna njia ya mkato, kwa sababu lori la breki za upepo lisilo na upepo halisogei hata likisukumwa na kijiji kizima.

Dereva huyo akifika gereji, maneno yake ya kwanza yanajulikana: "Fundi, kompresa imekufa." Mwenye lori anapigiwa simu, pesa zinatafutwa, kompresa ya mtumba inanunuliwa Mwanza au Isebania, inafungwa. Kesho yake alfajiri mshale umelala palepale. Kompresa ya zamani ilikuwa nzima. Kazi yake ni kuingiza upepo. Kuutunza usiku kucha ni kazi ya mitungi, mabomba, valvu na chemba. Lori lililolala likiwa limejaa na kuamka likiwa tupu lina tundu mahali fulani, na tundu halizibwi kwa kununua pampu mpya.

Makala haya ni ya mwenye lori, dereva, utingo na fundi chipukizi. Yanahusu malori ya zamani yenye breki za upepo mtupu, kama Scania za toleo la 93 na 113 ambazo bado zinabeba mizigo yetu ingawa zilitoka kiwandani zaidi ya robo karne iliyopita. Ukielewa mbinu hizi utazitumia pia kwenye basi, trela, hata mashine ya gereji ya kujazia matairi. Ndege za zamani nazo ni jamaa wa karibu. Spitfire ya Waingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, ilitumia upepo kwenye breki na vibawa vyake vya kutua. Antonov An-2 ya Wasovieti, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947, nayo hufunga breki za magurudumu kwa upepo. Fundi wa ndege hizo na fundi wa Tarime wanahangaika na maadui walewale watatu: uvujaji, maji na mpira uliozeeka.

Jua njia ya upepo

Huwezi kumkamata mwizi kama hujui njia za mtaa. Upepo huanzia kwenye kompresa, ambayo huzungushwa na injini na kulainishwa kwa oili ileile ya injini. Hutoka ukiwa wa moto sana, ukapita kwenye bomba la chuma au shaba, ukaingia kwenye kikaushio kama lori linacho. Gavana ndiye mlinzi wa kiwango: mitungi ikijaa, huiamuru kompresa ipumzike, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa "pshh". Kwenye malori mengi ya Ulaya ya zamani kiwango hicho ni kama bar 8. Soma kitabu au kibati cha lori lako.

Baada ya hapo valvu ya mgawanyo hugawa upepo katika njia zinazojitegemea: breki za mbele, breki za nyuma, handibreki, na matumizi mengine kama honi na klachi. Kila njia kubwa ina mtungi wake. Ukikanyaga pedali, futi valvu hufungulia upepo kwenda kwenye chemba, yaani lile bakuli la chuma lililo nyuma ya tairi. Ndani ya chemba kuna diaframu ya mpira. Upepo huisukuma diaframu, diaframu husukuma fimbo, fimbo husukuma mkono wa breki, na viatu vya breki hubana dramu. Chemba ya ukubwa wa 30 ina eneo la inchi za mraba 30. Ikipata upepo wa bar 6, fimbo yake husukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Kumbuka tarakimu hiyo kila unapotaka kuingiza mkono huko.

Chemba za nyuma zina vyumba viwili. Chumba cha pili kina springi kubwa iliyobanwa, na upepo ndio unaoizuia isifunge breki. Upepo ukiisha, springi hufyatuka na tairi hukamatwa. Ndiyo maana lori lisilo na upepo haliondoki. Wazo la breki inayofunga yenyewe upepo unapopotea ni la zamani: Mmarekani George Westinghouse alianza na breki za upepo za treni mwaka 1869, na mwaka 1872 akazipa uwezo huo wa kujifunga bomba likikatika. Usiuchukie usumbufu huo wa alfajiri. Ndio unaokuokoa bomba linapopasuka ukiwa unateremka kuelekea daraja la Kirumi na tani kumi mgongoni.

Kabla hujashika spana

Susuni ni vilima. Tafuta mahali tambarare, weka kabari imara mbele na nyuma ya matairi ya pande zote mbili, na usilale chini ya lori linaloshikiliwa na handibreki peke yake. Utaombwa kuachia handibreki wakati wa kupima, na hapo kabari ndiyo breki yako.

Usilegeze nati yoyote ya bomba lenye upepo. Fungua vali za chini ya mitungi yote mpaka kimya kitawale, kisha ndipo ufungue. Upepo wa bar 8 hurusha kutu na mchanga machoni kwa kasi usiyoweza kuikwepa.

Jambo la tatu nalirudia kila siku kwa vijana wangu: chumba cha springi hakifunguliwi. Springi ile ina nguvu ya kutosha kuondoa uhai wa mtu mara moja. Kama chumba hicho kimeharibika, kinabadilishwa kizima. Kabla ya kukitoa, springi inabanwa kwa bolti yake maalumu, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye mfuko ubavuni mwa chemba. Jaza upepo, achia handibreki ili upepo uisukume springi, toa kifuniko cha vumbi, ingiza bolti, izungushe robo mzunguko ikamate, kisha kaza nati kwa spana ya mkono. Usitumie mashine ya upepo ya kufungulia matairi. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mwite anayeijua.

Vifaa vyenyewe ni vichache: spana, tochi, chaki, rula, kalamu ya kuandikia kwenye kioo, maji ya sabuni yenye povu zito, brashi ndogo, na kipande cha hozi chenye urefu wa mita moja. Weka ncha moja ya hozi sikioni na nyingine uitembeze kwenye viungo vya bomba. Hiyo ndiyo stetoskopu ya fundi, na bei yake ni ya kuokota.

Pima kwa majaribio matatu

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanaanza kubadilisha vifaa kabla hawajauliza maswali. Jaza upepo mpaka gavana akate, zima injini, ngoja dakika chache upepo upoe, maana upepo wa moto ukipoa mshale hushuka kidogo bila kuvuja. Kisha weka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji, palipo mshale.

Jaribio la kwanza: handibreki imefungwa, pedali haijakanyagwa. Subiri dakika 5. Mshale ukishuka, uvujaji uko upande wa kuhifadhi: mitungi, vali zake za chini, mabomba makubwa, gavana, kikaushio au valvu ya mgawanyo. Kama lori lina geji mbili, angalia ni ipi inayoshuka. Inayoshuka peke yake inakuonyesha mtungi wa kuanzia.

Jaribio la pili: matairi yana kabari, achia handibreki, usikanyage pedali. Sasa upepo umeingia kwenye vyumba vya springi. Kama jaribio la kwanza lilikuwa salama na sasa mshale unashuka, mtuhumiwa yuko kwenye njia ya handibreki: bomba zake, valvu yake, au sili ya chemba ya nyuma.

Jaribio la tatu: handibreki imeachiwa, utingo akanyage pedali na asiachie, au ikandamize kwa kipande cha mti. Mshale utashuka kidogo mara moja. Hiyo ni kawaida, upepo umejaza chemba. Weka alama mpya na uanze kuhesabu. Ukiendelea kushuka, tafuta kwenye diaframu, hozi za matairi na futi valvu.

Marekani, dereva anayetahiniwa kwa leseni ya lori hufundishwa kwamba lori lisilo na trela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika handibreki ikiwa imeachiwa, na zaidi ya psi 3 kwa dakika pedali ikiwa imekanyagwa. Psi 2 ni kama bar 0.14. Kipimo hicho ni mpaka wa kukataa gari, kwa hiyo usikigeuze kuwa lengo. Lori linalovuja kwa kiwango hicho usiku kucha halitakusubiri na upepo asubuhi. Lori lililotengenezwa vizuri halitaonyesha mabadiliko yanayoonekana kwa macho kwa dakika 5, na asubuhi litakuwa na upepo wa kutosha kuondoka.

Sasa tumia masikio. Zima redio, waombe watu wanyamaze, uzunguke lori na hozi yako. Ukisikia "sss", paka povu hapo. Povu likivimba na kupasuka, umempata. Kagua viungo vya mabomba, vali za kutolea maji, hozi zinazopinda karibu na magurudumu, pete inayoshika chemba, na matundu ya kutolea upepo chini ya valvu. Usiridhike na tundu la kwanza. Lori la miaka thelathini huwa na matundu matatu yanayosaidiana.

Mtego wa valvu isiyo na kosa

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa kosa ambalo sasa nalisimulia kama adhabu. Lori lilikuwa likitoa upepo kwenye tundu la chini la rilei valvu ya nyuma, ile inayopeleka upepo wa pedali kwenye chemba za nyuma. Nikasema rilei imekufa, nikafunga nyingine. Ikavuja. Nikasema hii nayo ni mbovu, nikafunga ya tatu. Ikavuja vilevile. Mwenye lori alikuwa mtu mpole, lakini kimya chake kilikuwa kinaniuma kuliko matusi.

Kosa lilikuwa ndani ya chemba. Kati ya chumba cha springi na chumba cha pedali kuna sili ndogo inayozunguka fimbo. Ikichakaa, upepo wa handibreki hupenya upande wa pedali, hurudi nyuma kwenye bomba, na kutokea kwenye tundu la rilei. Rilei inalaumiwa kwa upepo usio wake.

Jinsi ya kuligundua ni rahisi. Upepo ukivuja kwenye tundu la rilei au futi valvu, funga handibreki. Uvujaji ukikoma, valvu haina kosa, kosa liko kwenye chemba. Ukiendelea hata handibreki ikiwa imefungwa, hapo ndipo uikague valvu yenyewe. Kujua ni chemba ipi: huku kabari zikiwa mahali pake, toa upepo wote, fungua hozi ya pedali kwenye chemba za nyuma, jaza tena, achia handibreki, usikanyage pedali. Chemba inayopuliza kwenye mdomo ulipotoka hozi ndiyo yenye ugonjwa. Jaribio la dakika kumi lingeniokolea siku mbili na valvu mbili.

Kuziba kwa kazi safi

Sehemu kubwa ya uvujaji hutoka kwenye viungo. Bomba la plastiki ngumu likatwe wima kwa wembe au kikata bomba. Msumeno huacha makorongo na vumbi linaloenda kukwama kwenye valvu. Sukuma bomba mpaka mwisho wa kiungo kabla ya kukaza. Bomba lililopita karibu na ekzosi huwa gumu na kupasuka, kwa hiyo libadilishe na ulipitishe mbali, ulifunge lisisuguane na chesisi.

Utepe mweupe wa mabomba ya maji utumike kwenye nyuzi zilizochongoka tu, na uanze nyuma ya uzi wa kwanza ili vipande visiingie kwenye njia ya upepo. Viungo vingi vya Ulaya huzibwa kwa ringi ya mpira au washa ya shaba, na hapo utepe haufai kitu. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, italainika na kuziba tena. Sili za mpira zioshwe kwa maji ya sabuni. Petroli na dizeli huzila.

Diaframu ya chemba ya mbele unaweza kuibadilisha mwenyewe. Weka kabari, toa upepo wote, weka alama za chaki kwenye vibakuli viwili ili virudi vilivyokuwa, fungua pete, toa diaframu ya zamani. Namba ya ukubwa, kama 20, 24 au 30, kwa kawaida huwa kwenye mwili wa chemba. Nunua yenye namba hiyohiyo. Diaframu ndogo kwenye chemba kubwa inaweza kushika leo na kukusaliti kesho mteremkoni. Kwenye chemba ya nyuma, banisha springi kwa bolti yake kwanza, halafu fungua pete ya upande wa pedali peke yake. Ile ya upande wa springi usiiguse.

Maji: adui anayejificha

Fungua vali ya chini ya mtungi wa lori ambalo halijatolewa maji mwezi mzima na utaona uji wa kahawia ukimwagika. Umetoka hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya msimu wa mvua hapa kwetu, hubeba karibu gramu 18 za maji. Ikikandamizwa kufikia bar 8 na kupoa, haiwezi kuyashika yote. Kama gramu 15 huanguka chini na kuwa maji. Siku nzima ya kupanda na kushuka milima ni mita nyingi za ujazo.

Maji huozesha mitungi kutoka ndani, hubeba kutu hadi kwenye valvu, na hula nafasi ya upepo. Mtungi uliojaa maji nusu ni nusu mtungi. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kazi, utingo avute vali za mitungi yote mpaka upepo mkavu utoke. Maji anayoyatoa yamfundishe pia. Maji safi ni kawaida. Maji ya kahawia yanaonyesha kutu. Uji mweupe kama maziwa ni oili iliyochanganyika na maji, na hiyo ni barua kutoka kwa kompresa. Kama lori lina kikaushio, badilisha kichujio chake kwa muda uliowekwa kwenye kitabu. Kikichoka, mitungi yako itakuambia.

Lini uilaumu kompresa

Kompresa ina dalili zake. Ya kwanza ni kujaza polepole hata kama majaribio matatu hayaonyeshi uvujaji. Kipimo kinachofundishwa kwa madereva wa Marekani ni kwamba injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi, upepo upande kutoka psi 85 hadi 100, yaani kama bar 6 hadi 7, ndani ya sekunde 45. Nyingine ni oili kwenye mitungi, inayotokana na ringi zilizochakaa au bomba la kurudisha oili lililoziba. Ya tatu ni viputo kwenye rejeta, dalili ya gasketi ya hedi ya kompresa kupitisha upepo kwenye maji.

Kabla hujaifungua, kagua vitu vitatu vya bei nafuu. Chujio la hewa likijaa vumbi la barabara zetu, kompresa inahema kwa shida. Mkanda, kama inazungushwa kwa mkanda, ukilegea huteleza. Bomba la kutoa upepo moto likijaa masizi, upepo hushindwa kupita, kompresa hupata joto na kuanza kutema oili. Lifungue utazame ndani. Na uwe na haki kwa kompresa ya milimani. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya saba kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kujaza kutachukua muda zaidi hata ikiwa mpya.

Mkono wa breki na jaribio la mwisho

Upepo ukishatulia, tazama mkono wa breki kwenye kila tairi. Kabari zikiwa mahali pake na handibreki ikiwa imeachiwa, weka alama ya chaki kwenye fimbo inapotokea chemba, mwambie utingo akanyage pedali kwa nguvu upepo ukiwa bar 6 au 7, halafu pima fimbo imetoka kiasi gani. Kwa chemba ya 30 ya kawaida, ikizidi inchi 2, sawa na milimita 51, mkono umelegea. Kama ni wa kurekebishwa kwa mkono, kaza mpaka kiatu kiguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu mzunguko. Usirekebishe dramu ikiwa ya moto. Pande mbili za ekseli moja zilingane, la sivyo lori litavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Maliza kwa kurudia majaribio matatu, kisha kanyaga na kuachia pedali mara nyingi injini ikiwa imezimwa lakini swichi ya umeme ikiwa imewashwa. Taa au kengele ya tahadhari iwake kabla upepo haujashuka chini ya bar 4. Isipowaka, lori halijapona, hata kama halivuji. Mwisho, jaribu barabarani kwa mwendo mdogo, bila mzigo, kabla ya kupakia.

Usivyofanya hata ukishikwa na haraka

Usiue tairi. Kuziba hozi ya chemba mbovu ili safari iendelee ni desturi niliyoiona mara nyingi mno. Tairi moja haina breki, mengine yanabeba kazi yake, dramu zinachemka, na mteremko unaofuata ndio unaotoa hukumu.

Usibanishe springi zote za nyuma kwa bolti ili lori liweze kutembea bila upepo. Umeondoa breki ya dharura na handibreki kwa mkupuo mmoja.

Usifunge bomba lililopasuka kwa mpira wa tyubu. Mpira ule hushika ukiwa umesimama, na huachia ukikanyaga pedali kwa nguvu, yaani wakati unapouhitaji zaidi.

Usitupe chemba ya springi kwenye chuma chakavu ikiwa nzima. Wanaokusanya chuma wengi ni vijana, na mhunzi akitaka kuipasua kwa patasi apate chuma cha panga, springi itamkuta usoni. Chemba mbovu ipelekwe kwa fundi mwenye uwezo wa kuiondolea nguvu springi yake kwa usalama kabla haijafika kwa mtu mwingine.

Dereva aliyeamsha kijiji kwa moshi hahitaji kuuza ng'ombe kununua kompresa. Anahitaji kabari nne, ndoo ya povu, alama ya kalamu kwenye geji na saa moja ya utulivu. Jioni hii, kabla hujalala, jaza upepo, zima injini, weka alama. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama mshale kwanza. Ukiwa umeshuka, anza na jaribio la kwanza.